Kiti Kinachochelewa Kuitika

Hebu mtazame kwanza anavyoingia. Mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mfupi, mkoba umemvuta bega la kushoto mpaka likawa chini kuliko la kulia, anasukuma kiti cha magurudumu ambacho hakuna mtu aliyekikalia. Anafika kwenye lango la ua, anakiinua kidogo magurudumu ya mbele yapite kizingiti, kisha anasimama na kukiangalia kama mtu aliyeleta mgeni nyumbani bila kuwaarifu wenyeji. Hajavua viatu. Hajasalimu. Anainama, anakaza waya mmoja chini ya kiti ambao tayari ulikuwa umekazwa.

Mtaani wanamwita Betri. Si jina baya. Walimpa kwa sababu mkobani mwake betri hazikosekani, na redio ya mtu ikikata kauli, mwenye redio hupiga hodi kwake kabla ya kwenda dukani. Yeye mwenyewe huitika jina hilo bila kinyongo. Husema afadhali Betri kuliko Fyuzi, maana fyuzi kazi yake ni kuungua.

Kazi yake iko nyuma ya hospitali, kwenye karakana ndefu yenye dirisha moja, ambako mashine zinazouguza watu hupelekwa zikiugua zenyewe. Zaidi hushughulika na zile za kupima mapigo ya moyo. Moyo ukipimwa, mstari unaochorwa kwenye kioo hauji msafi. Huja umechanganyika na mngurumo wa umeme wa jengo na misuli ya mgonjwa inayochezacheza kwa hofu. Ndipo linapohitajika chujio. Si la chai, ingawa ni ndugu yake. Chujio hili huyaacha mabadiliko ya polepole yapite na kuyazuia yale ya haraka, kama mlinzi wa mlangoni anayempisha mzee anayetembea na kuwasimamisha wanaokimbia. Betri ameyaweka machujio ya namna hiyo kwa miaka, na mistari yake hutoka myembamba, inasomeka. Madaktari humshukuru, kisha husahau, kama kawaida ya watu na vitu vinavyofanya kazi vizuri.

Lakini kiti hiki hakikuwa cha mgonjwa wa hospitali. Kilikuwa cha baba yake.

Baba huyu alikuwa dereva wa winchi, wa zile ndefu zinazoinua mizigo ghalani. Enzi zake aliweza kushusha sanduku la vioo sakafuni pasipo mtu aliyeligeuzia mgongo kujua kwamba limeshafika. Wenzake wakambandika jina la Mkono Pamba. Sasa mkono ule ule unatetemeka. Ulianzia kidole gumba, ukapanda kiganja, ukakaa. Miguu nayo ikaanza kumkatalia. Mwenyewe ndiye wa kwanza kujitania: akishika kikombe husema chai yake haina haja ya kijiko, inajikoroga. Wageni hucheka. Betri hutazama kikombe.

Na kila asubuhi mzee anataka kitu kimoja tu: kwenda kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara. Haendi kunyolewa. Nywele zake ni chache kiasi kwamba kila moja ingeweza kupewa jina. Anakwenda kwa sababu pale ndipo rika lake linapokaa, kwenye benchi refu chini ya kioo, wakibishana juu ya mambo yaliyokwisha amuliwa zamani. Siku asiyokwenda, jioni yake huwa ndefu, na hula kidogo.

Tatizo ni njia. Mara ya mwisho alipokwenda kwa miguu alianguka kati ya lango na barabara, akalala pale hadi muuza magazeti alipomwona. Baada ya siku hiyo kaka yake Betri, mfamasia, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, akasema inatosha. Ana nafasi kwake, ghorofa ya tatu, upande wa pili wa mji, chumba kimeshapigwa rangi. Kaka si mtu mbaya. Ni mtu anayewaogopea wengine mpaka wao wanakosa nafasi ya kujiogopea. Mzee alisema chumba amekiona, na dirisha lake ameliona pia: linatazama ukuta wa jirani, na ukuta ule tangu ujengwe haujaleta habari mpya.

Basi Betri akatafuta kiti chenye mota. Kilikuwa kimekaa stoo ya hospitali, kimekatika nyaya, na wakubwa walimruhusu akichukue. Kinaongozwa kwa kijiti kilicho kwenye mkono wa kulia wa kiti: ukikisukuma mbele kinakwenda, ukikivuta nyuma kinarudi, ukikiegemeza pembeni kinakata kona, ukikiachia kinasimama. Rahisi. Ila kijiti hakijui mzee anataka nini. Kinajua tu mkono umefanya nini. Mkono ulipotetemeka, kiti nacho kilitetemeka, kikamrusharusha mzee kama mahindi kwenye ungo. Baba alishuka akasema ameshawahi kupanda punda mwenye adabu zaidi.

Betri akajua la kufanya. Aliizima mota, akamkalisha baba yake kitini, akamwambia ajifanye anakwenda kwa kinyozi: hapa lango, hapa kona, hapa barabara. Mzee alisukuma kijiti asubuhi nzima bila kusogea hata hatua, akitoa maelezo ya majirani anaowapita. Kompyuta ikanasa kila mtikisiko. Kisha Betri akaupitisha mtetemo ule kwenye chujio, na Jumapili familia ilipokaa sebuleni akawaonyesha kioo. Mstari mwekundu ulikuwa mkono wa baba, meno ya msumeno mwanzo hadi mwisho. Mstari wa bluu ulikuwa uliochujwa, laini, unapanda na kushuka taratibu, umepita katikati ya ule mwekundu, unageuka pale pale mwekundu unapogeuka.

Kaka aliuangalia muda mrefu. Aliuliza kama kiti kitafuata ule wa bluu. Betri akasema ndiyo, bila kusita. Basi kaka akasema, kwa upole uliofanya neno lenyewe liwe zito zaidi, kwamba kama ni hivyo mzee abaki. Jumapili ijayo atakuja kuona kwa macho yake, kutoka langoni hadi kwa kinyozi na kurudi. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa kujiandaa, atakuja na gari lenye nafasi ya mizigo nyuma. Mambo yasipokwenda sawa, mzee ataondoka naye siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana siku ile, akitoka na kiti karakanani, Betri hakuvua viatu pale langoni. Chujio lilikuwa limeshafungwa chini ya kiti, ndani ya kisanduku cha plastiki, na ilikuwa imebaki kumkalisha mwenye kiti.

Mzee alikaa. Akaweka mkono juu ya kijiti, ukatetemeka kama kawaida yake, na kiti kikatulia tuli. Betri alivuta pumzi. Baba akatabasamu, akasukuma mbele. Kiti hakikujibu. Mzee akageuza uso kumtazama bintiye, na kabla hajafungua kinywa kiti kikaondoka, taratibu, laini kabisa, kama kwamba wazo lilikuwa lake. Akaachia. Kiti kikaendelea. Kikaendelea tena kidogo, kikaigonga ndoo ya maji iliyokuwa kando ya ukuta, kisha ndipo kikasimama, kwa heshima zote, maji yakiwa yamefika miguuni mwa mzee.

"Kiti hiki kimewahi kufanya kazi ofisini," baba alisema. "Ukikiomba kitu, kinakwenda kwanza kumuuliza mkubwa wake."

Wakajaribu kona. Hapo ndipo mambo yalipomtisha Betri kweli. Kiti kilielemea kushoto kidogo, mzee akakirudisha kulia. Kikachelewa. Mzee, akidhani hakijasikia, akaongeza. Kisha misukumo yote miwili ikaja kwa pamoja, kiti kikageuka kulia kupita kiasi. Mzee akavuta kushoto, nako kukachelewa, na kila mara aliporekebisha kosa likawa kubwa kuliko lililotangulia. Kilijipinda uani kama nyoka aliyekanyagwa. Ilikuwa kama mtu anayetaka kuizuia bembea lakini mkono wake unafika baada ya bembea kugeuka, hivyo badala ya kuizuia anaisukuma. Mzee hakuwa na kosa. Alikuwa anafanya sahihi, kwa wakati usio wake.

Betri alizima mota. Alimwambia baba kwamba ni jambo dogo, labda gia imelegea. Alifungua, akakagua gia, akakagua mota, akabadilisha nyaya. Kila kitu kilikuwa kizima. Kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba kwenye kompyuta mstari wa bluu haukuchelewa popote. Aliufungua tena, akauangalia kwa karibu. Pale mkono ulipogeuka, nao uligeuka. Chujio ni lile lile, hesabu ni zile zile. Kwa nini kioo kiseme hivi na ua useme vile?

Jibu lilimjia kesho yake karakanani, akiwa kwenye kazi ya watu wengine. Alikuwa ameletewa rekodi ya moyo wa mgonjwa aisafishe. Akafanya kama anavyofanya siku zote: aliipitisha kwenye chujio kutoka mwanzo kwenda mwisho, kisha akaigeuza, akaipitisha tena kutoka mwisho kurudi mwanzo. Vidole vyake vilikuwa vimeshamaliza kabla akili haijafika. Akauangalia mstari uliotulia mahali pake. Kisha akaifungua ile ya mkono wa baba.

Nikueleze vizuri, maana kosa lenyewe lina adabu ya kazi ndani yake. Kila chujio la namna hii huchelewesha. Halina budi. Kutetemeka ni kwenda na kurudi. Nia ni kwenda na kubaki. Lakini mwanzoni safari hizo mbili zinafanana kabisa, na chujio haliwezi kujua ni ipi mpaka lisubiri kidogo lione kama mkono utarudi. Kusubiri huko ndiko kuchelewa. Sasa kwenye moyo uliokwisha rekodiwa, mafundi wana hila yao. Wakichuja kwenda mbele, mstari unasogea nyuma ya wakati wake. Wakichuja kurudi nyuma, unasogezwa kiasi kile kile upande wa pili, na unarudi mahali pake. Daktari anataka kujua pigo lilitokea lini hasa, kwa hiyo hila hiyo ni halali, tena ni lazima. Betri alikuwa ameifanya mara nyingi hata haihesabu tena kuwa jambo. Na mkono wa baba aliusafisha vivyo hivyo, kama moyo wa mgonjwa.

Lakini ili urudi kutoka mwisho, sharti mwisho uwepo. Mzee akiwa katikati ya barabara, mwisho haujatokea. Hakuna mahali pa kurudia.

Alikwenda nyumbani akatembea njia nzima bila kuona alichopita. Kilichomuuma si kukosea. Fundi asiyekosea hajaanza kazi. Kilichomuuma ni ile "ndiyo" aliyomjibu kaka yake sebuleni. Na gari lenye nafasi nyuma lilikuwa linakuja.

Baba alikuwa amekaa uani, viatu vya kutokea miguuni. Betri akamweleza, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukigonga paja.

"Kwa hiyo ile picha uliyomwonyesha kaka yako ilikuwa ya uongo?"

"Ilikuwa ya kweli, Baba. Ila ilikuwa ya jana."

 Mzee akauliza kama ya leo inaweza kupatikana, na Betri akamwambia atajaribu.

Alijaribu kweli. Kila alipotoka kazini alikaa sakafuni kando ya kiti, kisanduku kimefunguliwa. Alilegeza chujio: kiti kikajibu upesi, lakini mtetemo ukapenya, na mzee akaanza tena kurushwa. Akalikaza: kiti kikatulia kama maji ya mtungi, kikachelewa kama mjumbe aliyepita kwa shemeji zake. Alijaribu chujio la umbo jingine, lenye ukingo mkali, likate mtetemo bila kugusa nia. Mtetemo ukakatika vizuri. Kuchelewa kukazidi, na kiti kikawa hakisimami mara moja bali kinayumba kwanza, mbele na nyuma, kama mtu anayeshuka kitandani gizani. Akajaribu kulifanya likisie mkono unakoelekea, ili liwahi. Likawa linakisia pia mtetemo, na kuukuza. Nia ya mkono wa baba na mtetemo wake walikuwa majirani wa ukuta mmoja. Ukitaka kujenga ua mrefu kati yao, lazima ukubali kuuzunguka.

Alifika mahali akaona kwamba hatafuti chujio bora. Anachagua hasara. Wazee walituachia misemo miwili katika nyumba moja: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakutuambia upi wa kuaminiwa siku gani. Betri aliwaza hivyo huku amepiga magoti, na hakuona kama ni mzaha.

Mwishowe aliweka skrubu ndogo ya shaba kando ya kisanduku. Ukiizungusha kulia kwa bisibisi, kiti kinakuwa chepesi na kinatetemeka. Ukiizungusha kushoto, kinatulia na kinachelewa. Akaiweka katikati. Kisha akafunga kitufe chekundu upande wa kushoto, kwenye mkono usiotetemeka sana, ambacho kinakata umeme moja kwa moja bila kupita kwenye chujio. Alitamani hata kuachia kijiti kupite kando ya chujio vivyo hivyo, lakini haikuwezekana: mkono unaotetemeka hukiachia kijiti na kukishika tena wakati wote, na kiti kingekuwa kinafunga breki kila unapopepesa jicho. Akamzoesha baba kitufe. Mzee alikibonyeza kila alipoambiwa. Uani, bila mtu, bila gari, mambo yalikwenda. Alijifunza hata kona: kusukuma kidogo, kisha kungoja, bila kuongeza. Betri alimwangalia akifaulu na wasiwasi wake haukupungua hata kidogo, kwa kuwa alijua anaangalia ua.

Jumapili kaka alifika mapema. Gari lilikuwa na nafasi nyuma, kama alivyosema, na ndani yake blanketi limekunjwa. Betri alimngoja langoni, akamwambia kabla hajaingia: ile picha, kiti hakiwezi kuifuata. Akaeleza kwa nini. Kaka yake alimsikiliza kama anavyowasikiliza wagonjwa wake dirishani, macho chini.

"Kinachelewa kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu kusema 'ndiyo'."

"Mdogo wangu, gari linafika mbali mtu akisema 'ndiyo'."

 Lakini mzee alikuwa ameshatoka, amevaa shati la kola, ameketi kitini, na alimuuliza mwanawe wa kwanza kama amekuja kumwangalia au kumzuia. Kaka akasema kumwangalia. Basi, mzee akasema, tazama.

Wakatoka. Mzee mbele, watoto wake wawili nyuma, hatua chache. Njia ya kando ya barabara ilikuwa na vigae vilivyoinuka na Betri alivijua vyote. Kila alipokiona kimoja mbele moyo wake ulifika kabla ya kiti. Mzee alisukuma na kungoja. Alikata kona ya duka la vitambaa kwa mkunjo mmoja. Kwenye kivuko alisimama mbali kabisa na ukingo, akangoja hadi barabara ikawa nyeupe, akasukuma. Kiti kikafikiria kidogo, kikaondoka. Pikipiki moja ikapunguza mwendo ikamngoja. Mzee akafika ng'ambo.

Kwenye benchi walimwona anakuja. Kinyozi alitoka na mashine yake ya kunyolea mkononi, ikiunguruma bado, akasema mheshimiwa amefika na msafara wake, leo atanyolewa bure kwa kuwa hakuna cha kunyoa. Wakacheka. Mzee aliegesha kiti kwenye mwisho wa benchi, sambamba, inchi moja tu kutoka ukutani, kama alivyokuwa akiegesha masanduku. Mmoja wa wazee wenzake akamuuliza mkono vipi, umepona? Maana kiti hakitikisiki. Mzee akasema umepumzika. Betri alimtazama kaka yake na kuona uso umelegea.

Ilikuwa wakati wa kurudi. Wameshavuka barabara, wako upande wa nyumbani, lango linaonekana. Kutoka kwenye uchochoro kati ya majumba mawili mkokoteni ukatokea, umebeba mifuko ya saruji, mwenye nao yuko nyuma ya mzigo haoni mbele. Mzee aliuona. Mkono wake ukafanya kile ambacho ulifanya maisha yake yote hatari ilipotokea: uliachia kijiti. Winchi husimama ukiachia. Kitufe chekundu kilikuwa chini ya kidole cha kushoto na kidole hakikusogea. Mkono uliozoea hauulizi ushauri. Kiti kikaendelea, laini, bila haraka, kwa urefu wa neno lile moja. Betri alikuwa ameanza kukimbia na alijua hatafika.

Chuma cha kuwekea miguu kiligusa gurudumu la mkokoteni, likalia kidogo, na kiti kikasimama. Vidole vya miguu ya mzee vilikuwa ndani ya viatu vyake, vyote, umbali wa kiganja kutoka kwenye gurudumu lenye mzigo wa saruji. Mwenye mkokoteni alizunguka mbele, akaona, akashika kichwa. Kisha akafoka kwamba mzee mzima anacheza na mashine barabarani kama mtoto. Mzee alimwomba radhi kwa adabu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka hewani, hauna cha kushika.

Uani kaka hakupandisha sauti. Alisema skrubu izungushwe kulia, mpaka mwisho, kiti kijibu upesi, kitetemeke kinavyotetemeka. Kutetemeka hakujamuua mtu. Betri akasema anaweza kupunguza mwendo badala yake. Kiti cha polepole, hata kikichelewa, hakifiki mbali. Kaka akauliza: na pale kivukoni, atakaa katikati ya magari muda gani? Kila jibu alilolifikiria Betri lilikuwa na bei yake.

Kaka alienda hadi langoni, akaangalia gari lake, akarudi.

"Sichukui mizigo leo," alisema. "Nimemwona pale kwenye benchi. Lakini sitaki siku moja niambiwe chujio ndilo lililoamua. Weka wewe. Weka mahali ambapo nikikuuliza utanijibu."

Akatoka kwenda kukaa ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje.

Betri alichukua bisibisi, akapiga magoti kando ya kiti. Baba yake alikuwa bado amekikalia. Akainama kidogo, sauti yake ikawa ya mtu asiyetaka mwanawe aliye garini amsikie.

"Pale benchini wameniuliza mkono umepona. Unajua mara ya mwisho kuniangalia usoni kabla ya kuniangalia mkono ilikuwa lini? Usiniwekee kule anakotaka kaka yako. Mimi niache nichelewe, mama."

Humwita mama anapomwomba kitu, kwa kuwa jina alilompa alipozaliwa ni la mama aliyemzaa mzee mwenyewe.

Bisibisi ilikuwa imeshaingia kwenye mfereji wa skrubu. Kesho asubuhi Betri atakuwa karakanani, kwenye mioyo ya watu iliyokwisha rekodiwa, inayoweza kusomwa mbele na nyuma kadiri apendavyo. Mzee atakuwa njiani, na kitakachotoka uchochoroni hakuna aliyekirekodi. Kulia, atafika akitikisika mbele ya wenzake, na huenda baada ya siku chache asitake tena kwenda, akakaa ndani mwenyewe bila kufungiwa na mtu. Kushoto, atafika ametulia, na kila siku atakuwa na lile neno moja la kuchelewa kati yake na gurudumu la mtu mwingine. Katikati ndiko walikokuwa leo.

Ungekuwa wewe uliyepiga magoti pale, baba yako anakutazama kutoka juu na kaka yako anakungoja garini, ungeizungusha kwenda wapi?